Kwa nini upatu wa kifedha hurudi kila baada ya miaka michache: jibu kwa mwalimu wa Rungwe

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Kikundi chao cha kuweka na kukopa, chenye walimu, wakulima wa chai na akina mama wanaouza ndizi na viazi Tukuyu mjini, kimepoteza akiba ya msimu mzima katika mradi wa kwenye simu uliokuwa ukilipa faida kila siku mpaka ulipofungwa ghafla. Mtaani wanaambiwa wameponzwa na tamaa na ujinga. Yeye haridhiki na jibu hilo, kwa kuwa walioumia ni watu anaowafahamu kuwa waangalifu. Anauliza ni kitu gani katika uchumi na historia yetu kinachofanya utapeli wa aina hii upokelewe tena na tena, na kikundi kifanye nini sasa.

Mwalimu, una haki ya kutoridhika. Tamaa ipo katika kila nchi na kila zama, na kama ingekuwa sababu ya kutosha, upatu wa kifedha ungetokea kwa kiwango kilekile mwaka hadi mwaka. Sivyo ilivyo. Hutokea kwa mawimbi, na mawimbi hayo hufuata nyakati ambazo uchumi wa mahali unabadilika kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine: Boston mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Romania na Urusi kati ya 1992 na 1994, baada ya kuanguka kwa ujamaa, Albania mwaka 1996 hadi 1997, Kenya mwaka 2006 na 2007, na hapa kwetu Tanzania mpango wa upatu ulioitwa DECI, kati ya 2007 na 2009. Nikizitazama nyakati hizo kwa pamoja, naona jambo moja linalojirudia. Taasisi za zamani, zilizokuwa zikitunza fedha za watu na kuwaonyesha faida halali inafananaje, zilikuwa zimevunjika au zimepoteza imani, na taasisi mpya zilikuwa bado hazijafika mahali ambapo fedha zenyewe zipo. Katika pengo hilo ndipo tapeli hujenga nyumba yake.

Kabla ya historia, nieleze kwa kifupi upatu huu unavyoendeshwa, kwa sababu wengi hudhani wizi hufanyika siku ya mwisho tu. Malipo ya mwanzo ni ya kweli, ila yanatoka katika fedha za waliojiunga baadaye, wala hakuna biashara nyuma yake inayoweza kuyazaa. Tuseme mtu wa kwanza analeta watatu, na kila mmoja wao analeta watatu. Ikifika hatua ya 13 wanahitajika watu wapya 1,594,323, na jumla ya wote tangu mwanzo inakuwa 2,391,484, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa mzima wa Mbeya watu takriban milioni 2.34, watoto wachanga wakiwemo. Popote mpango huo utakaposimama, theluthi mbili ya washiriki watakuwa katika hatua ya mwisho, ambao hawajalipwa chochote. Upatu wa akina mama mnaoufahamu ni jambo tofauti kabisa: wanachama ni wale wale, hakuna aliyeahidiwa faida, na kila mmoja hupokea kile alichochangia kwa zamu yake.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, na nianze na Albania, kwa sababu hakuna nchi ambako jambo hili lilionekana waziwazi kuliko huko. Hadi mwaka 1991 raia wa Albania alikuwa hajawahi kuona benki binafsi, soko la hisa wala kampuni iliyofilisika. Katika miaka michache alitakiwa kuyaelewa yote. Benki zilizorithiwa kutoka dola ya zamani zilikuwa dhaifu na hazikukopesha watu binafsi ipasavyo, hivyo kukazuka soko la mikopo lisilo rasmi, ambalo serikali ililivumilia kwa kuona kwamba linajaza nafasi iliyo wazi. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Yugoslavia vikwazo, na baadhi ya makampuni yaliyokuwa yakipokea fedha za watu yalihusishwa na biashara ya magendo ya kuvuka mpaka, mafuta yakiwemo, ambayo faida yake ilikuwa kubwa kweli. Vikwazo viliposimamishwa mwishoni mwa 1995, chanzo hicho kilikauka, lakini ahadi za riba zilipanda badala ya kushuka. Mwaka 1996 kampuni moja ilikuwa ikiahidi kuzidisha fedha mara tatu kwa miezi mitatu. Watu waliuza nyumba, wakulima wakauza mifugo. Madai ya wawekaji yalifikia takriban dola bilioni 1.2, karibu nusu ya pato la taifa la mwaka, na inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya wananchi walikuwa wameweka fedha. Mipango hiyo ilipoporomoka mwaka 1997, serikali ilipoteza udhibiti wa sehemu kubwa ya nchi na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha.

Ni vigumu kuamini kwamba theluthi mbili za taifa zima ni wajinga. Walikuwa wameona jirani zao wakitajirika kwa haraka kwa njia ambazo hawakuelezwa, na baadhi ya njia hizo zilikuwa na fedha halisi ndani yake. Mtu anayeishi katikati ya mabadiliko makubwa hana kipimo cha kumwambia ni utajiri upi wa haraka uliotokana na biashara na ni upi wa udanganyifu, kwa sababu vipimo alivyorithi vilitengenezwa kwa ajili ya uchumi ambao haupo tena. Hali ya Urusi ilikuwa hivyo hivyo: bei zilipoachiwa huru Januari 1992, akiba ambazo wazee walikuwa wameweka katika benki ya serikali kwa maisha yao yote ziliyeyuka kwa mfumuko wa bei, na miaka miwili baadaye mamilioni walikuwa wakinunua karatasi za MMM, kampuni ya Sergei Mavrodi. Mtu ambaye akiba yake imekwisha ndani ya benki halali hawezi kushawishiwa kirahisi kwamba benki ndiyo mahali salama.

Hapo ndipo historia yetu inapoingia. Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikachukua kazi ya kununua kahawa, chai, pareto na mahindi ya wakulima wa nyanda hizi za juu kusini. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini ulirudi ukiwa dhaifu na wenye madeni. Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1980 na 1990. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban shilingi 17. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilizidi shilingi 500, na kwa miaka mingi kati ya hapo bei za bidhaa zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Mzee wa Mbozi aliyeuza kahawa yake mwaka 1985 na kuweka fedha benki, na jirani yake aliyenunua mabati na ng'ombe, walipata mafunzo mawili tofauti kabisa, na wajukuu wao waliyasikia yote mawili. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaruhusiwa katikati ya miaka hiyo, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa. Benki mpya zilifungua milango mahali penye biashara kubwa, jambo ambalo kwa upande wao ni la kueleweka, ila maana yake ni kwamba mkulima wa Ileje au Makete aliachwa bila ya kile cha zamani na bila ya kile kipya.

DECI ilikuta pengo hilo. Kwa mujibu wa utafiti wa FinScope, mwaka 2009 ni takriban asilimia 16 tu ya watu wazima Tanzania waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Waanzilishi wake walikuwa wachungaji, lugha yake ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna, na watu walipanga foleni mchana kweupe mbele ya ofisi zenye vibao. Serikali iliifunga mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani Dar es Salaam. Tangu hapo takwimu zimebadilika sana, kwani mwaka 2023 FinScope ilionyesha asilimia 76 wakitumia huduma rasmi. Lakini tusidanganyike na tarakimu hiyo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni simu, na simu imempa mwananchi uwezo wa kutuma na kupokea fedha kwa sekunde chache, wakati uwezo wa kuweka akiba yenye faida nzuri na kukopa kwa riba inayobebeka umekua polepole zaidi. Tapeli anahitaji ule wa kwanza tu. Zamani alilazimika kukodi ofisi, kuajiri makarani na kubeba noti; leo anahitaji laini kadhaa, programu moja na kundi la WhatsApp.

Huenda utauliza kwa nini mtu aliyeahidiwa asilimia 2 kwa siku hakulinganisha na faida ya mahali pengine. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani mkopo ambao wananchi huipa serikali kwa riba, ilikuwa ikilipa asilimia 15.95 kwa mwaka kabla riba hiyo haijapunguzwa mwaka 2022, na hiyo ilihesabiwa kuwa nzuri sana. Asilimia 2 kwa siku, ikiachwa ijizidishe, huigeuza shilingi 100,000 kuwa zaidi ya milioni 137 kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo inatosha kuua mradi wowote. Lakini mkulima na mama wa sokoni hawalinganishi na hatifungani. Wanalinganisha na fedha wanazoziona zikizunguka mbele ya macho yao, na katika nyanda hizi fedha taslimu ni ghali mno. Mama anayekopa mkopo wa kausha damu analipa asilimia 20 au 30 kwa mwezi. Mwenye fedha mwezi Julai hununua mahindi au mpunga wa Usangu kwa bei ya mavuno na kuuza Januari kwa faida nono. Mkulima anayebanwa na ada au ugonjwa huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, na mnunuzi wake huvuna tofauti yote. Anayenunua viazi kwa gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, anapata ziada ambayo mkulima hakulipwa. Kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa upande unaolipa faida hizo, mradi unaoahidi asilimia 60 kwa mwezi unaonekana kama nafasi ya kuhamia upande wa wanaolipwa. Hapo naona kiini cha jibu lako: mahali ambapo mkopo halali ni haba, faida ya ajabu haishangazi, kwa sababu kila mtu amewahi kuilipa.

Ongeza juu ya hilo namna fedha zinavyoingia. Mshahara wa mwalimu huja kila mwezi, lakini fedha ya kahawa, mpunga, parachichi au miti huja kwa mkupuo. Mkulima wa kahawa anaweza kungoja malipo baada ya mnada kwa wiki nyingi, kisha akapokea kiasi kinachopaswa kumfikisha msimu ujao. Mwenye shamba la miti Mufindi au Njombe anaweza kupokea mara moja matunda ya miaka kumi na zaidi. Kati ya mwezi wa malipo na mwezi wa mbolea au ada ya Januari, fedha hiyo inakaa nyumbani ikiwa imezungukwa na mahitaji ya ukoo mzima, na mwenye nayo anatafuta mahali pa kuiweka isiliwe. Mradi unaosema "weka kwa siku 60 uvune" unajibu shida halisi kwa jibu la uongo. Siamini kwamba ni bahati tu miradi hii kuvuma zaidi baada ya mavuno.

Kuna pia historia ndefu ya fedha itokayo mbali. Babu zenu wa Rungwe walikwenda migodini Copperbelt na Afrika Kusini, na watu wa Njombe na Iringa walikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Fedha ilirudi kijijini bila wengi kuona kazi iliyoizalisha. Leo lori linavuka Tunduma, dhahabu inatoka Chunya, na anayejenga ghorofa Mwanjelwa haelezi alikoanzia. Jambo hili nalipa uzito mdogo kuliko uhaba wa mikopo, lakini linasaidia kueleza kwa nini maneno kama "fedha zinatokana na matangazo ya nje" hayakuulizwa maswali mengi.

Kuhusu uangalifu wa wenzako, nina neno moja la uhakika: uangalifu wao ndio uliotumika. Mradi wa aina hii haujengi imani yake wenyewe. Unaikodi mahali ilipokwisha kujengwa. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na kwa muda mrefu kanisa, shule na kikundi vilikuwa ndivyo vilivyobaki vikifanya kazi pale ambapo benki na ushirika vilishindwa. Mwenyekiti mwaminifu aliyelipwa mara tatu mfululizo anapotoa ushuhuda, anasema kweli kuhusu kile alichokipata, na ushuhuda wake unamzidi nguvu mtu yeyote aliyeajiriwa kudanganya. Walioanzisha mradi huo ni wahalifu na sheria inawatambua hivyo, kwani Kanuni ya Adhabu inakataza kuendesha upatu wa namna hiyo, na kupokea amana za umma bila leseni ya Benki Kuu ni kosa. Lakini aibu inayomwagwa juu ya walioumia inawanyamazisha, na ukimya huo huwapa waendeshaji muda wa kuhamisha fedha na kufungua mradi mwingine kwa jina jipya wilaya ya jirani.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa kikundi ni haraka. Kusanyeni ujumbe wote wa miamala, namba zilizopokea fedha, tarehe, na mazungumzo ya makundi ya simu kabla hayajafutwa, mkapeleke polisi kwa pamoja na mtoe taarifa kwa kampuni za simu na kwa tawi la Benki Kuu lililopo Mbeya. Albania inatufundisha hapa: kampuni mbili ambazo fedha zao zilizokuwa benki, takriban dola milioni 250, zilizuiwa mapema mwaka 1997 ziliweza kurudisha sehemu kwa wawekaji, na kwingine kilichookolewa kilikuwa kidogo. Nisiwape matumaini makubwa kuliko hayo. Na atakayewapigia akidai anaweza kurejesha fedha zenu kwa ada ndogo ya kulipia kwanza, huyo ni tapeli wa pili, na huenda ana orodha aliyoinunua kwa yule wa kwanza.

Ndani ya kikundi, tenganisheni fedha zilizowekwa kwa uamuzi wa mkutano ulioandikwa na zile alizoweka mtu mwenyewe. Hasara ya kwanza ni ya wote, na ibebwe kwa uwiano wa hisa. Aliyepata kamisheni kwa kuwaunganisha wanakikundi wenzake, kwa maoni yangu, airudishe kwenye sanduku hata kama na yeye amepoteza mtaji wake, kwa sababu kamisheni hiyo ilitoka mifukoni mwao. Ila asifukuzwe, maana kikundi kinachovunjika sasa kitawaacha wanachama wake mikononi mwa kausha damu ifikapo Januari.

Kwa msimu ujao, pangeni tarehe kabla ya kupanga faida. Amueni mwezi wa Mei, kabla fedha haijaingia, ni kiasi gani kitanunua mbolea mapema, kiasi gani kitalipa ada shuleni kwa awamu, kiasi gani kitabaki kukopeshana ndani ya kikundi kwa riba mliyokubaliana, na kiasi gani kiende kwenye SACCOS (chama cha ushirika wa akiba na mikopo) yenye leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambako kianzio si kikubwa. Kikundi chenyewe kisajiliwe halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, ili kiwe na mahali pa kuuliza.

Na mkiletewa mradi mwingine, mtaonyeshwa cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipa kodi na pengine leseni ya biashara. Hivyo vyote vinathibitisha kwamba kampuni ipo na inatambulika kwa ajili ya kodi. Havimruhusu mtu kupokea akiba za umma. Mwombeni leseni ya Benki Kuu, au idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama anauza hisa au vipande vya uwekezaji, kisha mkaithibitishe wenyewe katika taasisi iliyotajwa, bila kupitia kwa aliyewaletea na bila kutumia namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi yake.